Saa Moja ya Mtaalamu wa Tabia: Unalipia Nini?

Leo naomba uwe na kalamu na kipande cha karatasi, kwa sababu tutapiga hesabu. Kama huna, mtume mtoto kwa jirani. Nitaanza polepole.

Alinijia kliniki mama mmoja anayeuza mboga na ndizi kando ya barabara. Mwanawe wa pili ana miaka 4. Hasemi, na akikasirika hujiuma mkono hadi damu itoke. Hospitalini alishaambiwa kwamba mtoto ana usonji. Baadaye akampata mtu anayejiita mtaalamu wa tabia, akubali kuja nyumbani kwa shilingi 1,500 kwa saa, saa 10 kwa wiki. Mama akauza mtamba aliyeachiwa na marehemu mamake. Piga hesabu nami: 1,500 mara 10 ni 15,000 kwa wiki, na wiki 4 ni 60,000. Mtamba aliisha kwa mwezi mmoja.

Mama huyo alikuja na swali moja tu. "Sista, nikiuza kipande cha shamba niendelee, nitakuwa nimemsaidia mtoto au nitakuwa nimefanya ujinga?"

Sikumjibu siku hiyo. Nilimwomba anionyeshe cheti cha mtaalamu wake. Alikuwa na picha yake kwenye simu. Kilikuwa cheti chenye nembo nzuri na maneno ya Kiingereza, kikisema mwenyewe amemaliza mafunzo ya saa 40. Si cheti bandia. Lakini saa 40 ni wiki moja ya kazi, mama. Hata anayejifunza kushona hukaa na fundi zaidi ya hapo kabla hujampa kitambaa chako.

Basi tuanze na kazi yenyewe. Mtaalamu wa tabia, wengine humwita mchambuzi wa tabia, ni mtu aliyesomea kwa nini mtu hufanya anachofanya, na namna ya kumfundisha jambo jipya hatua kwa hatua: kuomba maji, kuvaa shati, kusubiri zamu yake, kuacha kujiumiza. Yeye si daktari. Hapimi damu, haandiki dawa, wala hawezi kukuambia kama mtoto ana kifafa. Kazi hii ilikulia Marekani na huko ndiko ilikopangiwa madaraja, kwa hivyo itabidi tusafiri kidogo kwa mdomo kabla ya kurudi nyumbani. Ukielewa madaraja ya kule utakielewa cheti utakachoonyeshwa hapa.

Kule kuna bodi iliyoanzishwa mwaka 1998, ambayo kifupi chake ni BACB. Ndiyo inayotoa vyeti vinavyojulikana zaidi. Ngazi ya chini huitwa RBT. Huyu ndiye anayekaa na mtoto saa nyingi, sakafuni, pamoja na vitu vya kuchezea. Anatakiwa awe amemaliza shule ya sekondari, afanye mafunzo ya saa 40, apimwe kwa vitendo mbele ya mkubwa wake, kisha afanye mtihani. Na hata akishapata cheti haruhusiwi kufanya kazi peke yake. Kila mwezi lazima asimamiwe angalau katika asilimia 5 ya saa anazofanya na watoto. Andika hiyo, tutairudia.

Juu yake kuna anayeitwa BCBA. Huyo ndiye mchambuzi wa tabia hasa. Ana shahada ya uzamili, yaani ile ya pili ya chuo kikuu. Amefanya kazi chini ya msimamizi kwa saa 1,500 hadi 2,000, kisha akafaulu mtihani. Yeye ndiye anayempima mtoto, anaandika mpango, anamfundisha RBT na wazazi, na anabadilisha mpango usipofanya kazi. Katikati ya hao wawili kuna wenye shahada ya kwanza, na juu kabisa wapo wenye uzamifu. Hao tuwaache.

Sasa mshahara. Marekani, RBT wengi hulipwa takriban dola 18 hadi 25 kwa saa. Tukihesabu dola moja kuwa shilingi 130, hiyo ni kama shilingi 2,340 hadi 3,250. BCBA wengi hupata kati ya dola 70,000 na 90,000 kwa mwaka, kabla ya kodi. Kwa pesa zetu hiyo ni kama shilingi milioni 9 hadi milioni 11 na nusu. Najua yupo anayesikiliza ambaye tayari anawaza binti yake wa chuo asomee kazi hii. Si wazo baya, lakini umkumbushe kwamba huko nyumba ya kupanga katika miji ya California yaweza kula dola 2,000 kwa mwezi na zaidi, na wengi wanaanza kazi wakiwa na deni la karo.

Kwa nini wanalipwa hivyo? Cheti ni sababu moja, na umeshaiona. Mahali ni sababu nyingine: California na Massachusetts hulipa zaidi ya majimbo mengi, kwa kuwa maisha huko ni ghali. Miaka ya kazi inahesabika. Pia yule anayesimamia wenzake hulipwa zaidi ya anayejisimamia. Mwenye kuajiriwa na shule ana mshahara usiopanda sana, lakini ana likizo na watoto wakifunga shule naye anapumzika. Hayo ni ya kawaida, ni kama walimu na wauguzi.

Sababu kubwa ni nyingine. Ni nani anayelipa.

Zamani hata Marekani mzazi alilipa mwenyewe. Walikuwapo walioweka nyumba rehani. Mwaka 2001 jimbo la Indiana lilipitisha sheria ya kuzilazimu kampuni za bima kugharimia matibabu ya watoto wenye usonji. Majimbo mengine yakafuata moja moja, na kufikia mwaka 2019 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria za aina hiyo. Mwaka 2014 serikali kuu nayo iliyaeleza majimbo kwamba bima ya wasiojiweza, inayoitwa Medicaid, inapaswa kuwahudumia watoto hao kwa matibabu wanayoyahitaji. Bima ilipoanza kulipa, wagonjwa wakapanga foleni, zahanati zikafunguliwa kila mahali, na wataalamu wakatafutwa kama maji wakati wa kiangazi. Leo wachambuzi wenye cheti cha BCBA wamepita 70,000. Kwa hivyo zile dola unazozisikia hazitoki kwenye kibeti cha mama. Zinatoka kwenye bima.

Na bima hulipa kwa saa. Hapa ndipo ninapotaka usikilize vizuri. Mchambuzi katika zahanati nyingi anapewa idadi ya saa ambazo ni lazima zilipiwe na bima kila wiki. Akizipita, mara nyingine anaongezewa marupurupu. Asipozifikisha, anaulizwa. Mtoto akiugua homa na asije, RBT wengi hawalipwi siku hiyo, kana kwamba ni kibarua cha mjengo siku ya mvua. Ndiyo maana RBT huacha kazi mara kwa mara. Na mtoto ambaye ilimchukua miezi 3 kumzoea mtu mmoja anaanza upya na mgeni. Mshahara wa mtu mzima umemfikia mtoto hapo.

Vilevile, mahali ambapo saa ndizo zinazoleta pesa, mtu hushawishika kupendekeza saa nyingi. Sisemi kila mtaalamu ni mlaghai. Wengi wana moyo. Nasema tu kwamba mwenye duka la sukari hatakuambia unywe chai bila sukari.

Zile saa nyingi zilitoka wapi? Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa California alichapisha utafiti wa watoto 19 waliofunzwa kwa takriban saa 40 kwa wiki, kwa miaka 2 au zaidi. Alisema 9 kati yao waliingia darasa la kwanza la kawaida na wakapata alama za akili za kawaida. Habari hiyo ilienea duniani, na namba 40 ikashikwa kama dua. Kisichosemwa sana ni kwamba watoto hao hawakugawanywa kwa bahati nasibu kama utafiti mzuri unavyotaka, na kwamba adhabu zilitumika, hata kofi kwenye paja. Watu wazima wenye usonji, ambao sasa wanaweza kujisemea wenyewe, wameeleza jinsi mafunzo ya aina hiyo yalivyowaumiza. Wataalamu wazuri wa leo wameyaacha mambo ya kofi. Wewe usikubali mtu yeyote ampige mwanao, ambane mikono kwa nguvu au amnyime chakula kwa jina la mafunzo, hata awe na vyeti vya kujaza ukuta.

Na je, saa nyingi husaidia zaidi? Mwaka 2024 watafiti walikusanya tafiti zaidi ya 140 za watoto wadogo wenye usonji na kuzipima pamoja. Hawakuona ushahidi imara kwamba mtoto anayepewa saa nyingi hunufaika kuliko anayepewa saa chache. Hiyo haina maana kwamba mafunzo hayafai. Maana yake ni kwamba usipoweza kulipia saa 10 kwa wiki, hujamkosesha mwanao uponyaji. Nilimwambia yule mama maneno hayo akanyamaza muda mrefu, kisha akatoa leso. Kwa mwezi mzima alikuwa akilala akijihesabia kosa.

Turudi nyumbani sasa. Hapa Kenya hakuna sheria inayosema nani anaruhusiwa kujiita mchambuzi wa tabia. Bima nyingi hazigusi kazi hii. Wachambuzi wenye daraja la juu ni wachache na wengi wako Nairobi. Tena, tangu tarehe 1 Januari 2023 ile bodi ya Marekani haipokei maombi mapya kutoka nchi nyingi za dunia, Kenya ikiwemo. Ndiyo maana siku hizi utaonyeshwa vyeti vya mashirika mengine yanayopokea watu wa nchi zote, kama vile IBAO na QABA. Si vibaya, nayo yana madaraja yake ya juu na ya chini. Uliza tu ni daraja gani.

Kwa kuwa hakuna bima wala sheria, bei hapa hupangwa na mtaa unaokaa, na mara nyingine hupangwa na hofu ya mzazi. Mtu yule yule atataja bei moja akiona gari mlangoni na nyingine akiona jiko la makaa. Kituo kinaweza kukutoza 2,500 kwa saa, na msichana anayekuja kukaa na mtoto akapewa sehemu ndogo tu ya hizo na nauli ajilipie mwenyewe. Wapo walimu kivuli, wale wanaokaa na mtoto mmoja darasani, ambao hulipwa na mzazi moja kwa moja bila mkataba wowote. Likizo ikifika hawana chochote. Nalisema hili kwa sababu kuna akina mama ambao, wakisikia mazungumzo kama haya, watakimbia kumpunguzia mwalimu wao. Sikukuambia hivyo. Anayeshika matatu mbili asubuhi kuja kumfundisha mwanao kupiga mswaki anastahili kulipwa kwa wakati, na siku mtoto akiugua ghafla mpe angalau nauli. Ninachokuambia ni kwamba ujue unalipia mikono, au unalipia kichwa, au vyote viwili.

Yule wa mtamba alikuwa mikono. Hakuwa na msimamizi hata mmoja. Zile asilimia 5 ulizoandika hazikuwapo. Hakumpima mtoto kabla ya kuanza, hakuandika mpango, na baada ya saa 40 alizolipwa hakuwa na karatasi ya kuonyesha kama kujiuma kumepungua au kumezidi. Mama aliambiwa akae nje ya chumba ili mtoto "asideke". Mama msikilizaji, mlango ukifungwa, wewe ufungue. Ni nyumba yako na ni mtoto wako.

Kabla hujatoa pesa, muulize mtaalamu maswali haya bila aibu. Umesoma mpaka wapi, na ni nani anayekusimamia? Naweza kuzungumza naye kwa simu? Utanifundisha mimi pia, au utamfundisha mtoto peke yake? Utajuaje kwamba anaendelea, na tukiona haendelei baada ya miezi 2 tutafanya nini? Kati ya pesa hizi ni ngapi zinamfikia anayekuja nyumbani kwangu? Akikasirika kwa maswali, umepata jibu. Akisema ana cheti cha ile bodi ya Marekani, tovuti ya bodi ina daftari la majina ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma bila malipo. Mwombe kijana mwenye simu ya intaneti akuangalizie. Na anayekuahidi kwamba usonji utakwisha kabisa, mpe chai aende. Usonji si malaria.

Najua swali lako. Sista, sasa nikae tu? Hapana. Chukua ile karatasi yako, tuanze kazi ambayo hata mchambuzi wa dola 90,000 angeanza nayo.

Chora mistari miwili kutoka juu hadi chini, upate safu tatu. Ya kwanza andika KABLA, ya pili TENDO, ya tatu BAADAYE. Chagua tabia moja tu inayokusumbua, moja, si zote. Kwa wiki moja, kila ikitokea, andika kilichokuwa kikiendelea kabla yake, alichofanya mtoto, na kilichofuata. Maneno machache. Kama hujui kuandika, mwambie mtoto mkubwa akuandikie jioni, au chora alama zako mwenyewe.

Yule mama alifanya hivyo. Mwisho wa wiki tulihesabu pamoja. Mtoto alijiuma mara 15. Mara 11 ilikuwa pale alipoondolewa simu au alipoitwa kuoga. Na kwenye safu ya BAADAYE, karibu kila mahali, mama alikuwa ameandika: nikamrudishia simu, nikaacha kumwogesha. Alisoma mwenyewe, akacheka, akasema, "Kumbe ndiye anayenifundisha mimi."

Si kwamba mtoto ni mjanja wala mkaidi. Hana maneno. Kujiuma kulikuwa neno lake, na lilikuwa neno linalosikika. Mara nyingi ukilichunguza tendo utakuta mtoto anataka kupata kitu, au kukwepa kitu, au kuangaliwa, au mwili wenyewe unataka ile hisia. Ukishajua ni lipi, kazi yako ni kumpa neno jingine. Tulimfundisha ishara ya mkono ya "bado". Mama alimshika mkono taratibu, akamwonyesha, na papo hapo akamwachia simu dakika moja zaidi. Mara nyingi kwa siku, wakati ametulia, si wakati ameshalipuka. Tukamchorea beseni kwenye kadi, akawa anaonyeshwa kadi dakika 5 kabla ya kuoga ili maji yasimshtue. Akijiuma, mama anamzuia asijiumize, anaosha kidonda kwa maji safi na sabuni, bila kelele, bila kofi, na bila kumrudishia simu.

Tahadhari moja. Ukiacha kumpa kile alichozoea kupata, siku za kwanza tabia huzidi kabla ya kupungua. Wengi hukata tamaa hapo, wanampa, naye anajifunza kwamba inabidi aume zaidi. Kama hujajiandaa wewe na kila mtu wa nyumbani, nyanya akiwa wa kwanza, usianze wiki hiyo.

Na kabla ya daftari lolote, hakikisha mwili. Mtoto ambaye hasemi lazima apimwe masikio. Mtoto aliyeanza ghafla kujipiga kichwa au kujiuma anaweza kuwa na sikio linalouma, jino lililooza, au tumbo lililofunga choo siku nyingi. Anayekodoa macho na kupotea kwa sekunde chache, usingoje, mpeleke achunguzwe kifafa, kwa kuwa kifafa na usonji hutembea pamoja mara nyingi. Mtaalamu wa tabia hawezi kuyafundisha hayo yaondoke, hata umlipe kiasi gani.

Kuna milango mingine ya kubisha kabla ya kuuza shamba. Wizara ya Elimu ina vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vinavyojulikana kwa kifupi kama EARC. Vilianza mwaka 1984 na sasa viko katika kaunti. Uliza ofisi ya elimu iliyo karibu nawe. Hapo mtoto hupimwa na kuelekezwa shule au kitengo kinachomfaa. Taasisi ya KISE iliyoko Kasarani, Nairobi, nayo hupima watoto. Katika hospitali kubwa za kaunti kuna wataalamu wanaowafundisha watoto kula, kuvaa na kucheza, wale tunaowaita OT, na bei yao haifanani na ya mtu anayekuja nyumbani. Mwandikishe pia mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wapo wazazi wanaoficha kadi ile kwa aibu, kisha wanauza ng'ombe kwa siri. Sielewi aibu ya namna hiyo.

Shirika la Afya Duniani nalo limetengeneza mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye matatizo ya ukuaji. Ni vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na wanaofundisha hawahitaji kuwa wachambuzi wa daraja la juu. Yamefanyiwa utafiti hapa kwetu, Nairobi na Kilifi. Uliza hospitali yako kama wana kikundi. Wasipokuwa nacho, uliza tena mwezi ujao, maana jambo linaloulizwa na akina mama 20 huanza kutafutiwa nafasi.

Yule mama hakuuza shamba. Alimshukuru yule wa kwanza na kumlipa saa za mwisho alizokuwa akimdai. Kisha akawatafuta akina mama wawili wengine wenye watoto kama wake, wakafanya kama chama. Wamempata mchambuzi mwenye shahada, anayetoza 2,500 kwa saa, na anakuja mara 2 kwa mwezi, saa 2 kila mara. Andika: saa 4 mara 2,500 ni 10,000. Gawanya kwa 3, kila mama anatoa kama 3,350 kwa mwezi pamoja na mchango wa nauli yake. Hagusi watoto sana. Anasoma madaftari, anawatazama akina mama wakifundisha, anasahihisha, anaacha kazi ya wiki mbili. Hata hizo 3,350 si pesa kidogo kwa muuza mboga, na mwezi wa karo alishindwa, wenzake wakambeba.

Mtoto bado hasemi. Kujiuma hakujaisha, ila wiki iliyopita ilikuwa mara 4 badala ya 15, na sasa ishara ya "bado" anaifanya hata kwa nyanya yake anapotaka ugali zaidi, jambo ambalo hakufundishwa. Daftari la pili limeshajaa nusu.

Kama una swali, andika barua uilete hapa kituoni au umpe mhudumu wa afya wa kijiji chako, na useme umri wa mtoto na tabia moja unayotaka tuizungumzie. Wiki ijayo tutakuwa na daktari wa masikio, tuzungumze juu ya mtoto anayetoka usaha sikioni, na kwa nini usimtie mafuta ya kupikia. Hadi wakati huo, kwaherini.